Motokari kulala hotelini: dola 24

Wandugu, sisi wa sendika tukipokea karatasi ya mushahara, tunaanzia chini, kule makato yanajificha. Basi na bili ya hoteli tuliisoma vile.

Walt Disney World, kule Orlando, Marekani, iko na hoteli zake zaidi ya 20. Miaka mingi mugeni alilipa chumba, motokari ikalala bure. Tangu tarehe 21 Machi 2018, kila mwenye kufanya booking mupya akaanza kulipishwa parking: dola 13 kwa usiku mu hoteli za bei ndogo, 19 mu zile za katikati, 24 mu za bakubwa. Kiwanja ni kile kile, taa ni zile zile! Baba, mama na batoto wakilala siku 5 mu hoteli ya katikati, ni dola 95 juu ya chumba, hata motokari isipowashwa.

Mwaka ule ule, wafanyakazi wa pale walikuwa wanapigania mushahara. Mwenye kuanza kazi alipata dola 10 kwa saa. Hesabu basi: usiku mumoja wa motokari mu hoteli kubwa unapita saa mbili za mutu mwenye kutandika vitanda. Mu Septemba 2018 sendika zao zikakubaliana na kampuni: dola 15 kwa saa, kufikia 2021.

Mu Januari 2023 kampuni ikafuta ile parking kwa wenye kulala hotelini. Lakini ukimupa mutumishi funguo akuegeshee, ile bado unalipa.