Pleti ya Tripodi: Amua Kibanio Kabla ya Miguu

Mtu anayenunua tripodi mjini Kigoma huangalia miguu. Huivuta hadi mwisho, huitikisa, huuliza kama ni alumini au kaboni, kisha hulipa. Kile kipande kidogo kinachokaa kati ya kamera na kichwa cha tripodi, ambacho wengi wetu tunakiita pleti, hakiulizwi chochote, ilhali ndicho kinachoibeba kamera yote. Kikidondoka kwenye mchanga wa ufuko wa Kibirizi na kupotea, tripodi inabaki na miguu yake mitatu mizima na haina kazi. Pleti ya aina ileile huenda ikakulazimu uiagize Kariakoo jijini Dar es Salaam, mwisho wa pili wa zaidi ya kilomita 1,200 za Reli ya Kati.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wapiga picha wa ukanda huu wa Ziwa Tanganyika hauanzii pale anapoanzia muuzaji. Amua kwanza umbo la kibanio, yaani ile sehemu ya kichwa inayoishika pleti. Chagua umbo linalotengenezwa na kampuni nyingi kuliko mengine, kisha hakikisha kila kifaa chako kinalifuata. Bei ya miguu izungumzwe baadaye.

Juu wamekubaliana, chini kila mtu na lake

Pale pleti inapokutana na kamera, dunia ilishakubaliana zamani. Tundu lililo chini ya kamera ni la skrubu ya robo inchi yenye meno 20 kwa kila inchi. Kamera nzito za video na lenzi kubwa nyingi huwa pia na tundu la inchi 3/8 lenye meno 16 kwa inchi. Vipimo hivyo vimo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 1222, na ndiyo sababu kamera ya filamu iliyosalia kwenye kabati la studio ya zamani hukaa bila shida juu ya tripodi iliyonunuliwa mwaka huu.

Pale pleti inapokutana na kichwa cha tripodi, makubaliano hayo hayapo. Maumbo ni mengi, lakini mnunuzi anaweza kuyagawa katika makundi manne.

La kwanza ni vibao vya plastiki vya tripodi za bei nafuu. Kila kimoja kimetengenezwa kwa ajili ya kichwa chake, na hata tripodi mbili zenye nembo moja zinaweza kukataa kubadilishana vibao. La pili ni pleti za kampuni kubwa zenye umbo la pekee. Inayojulikana zaidi ni 200PL ya Manfrotto, kampuni ya Italia: unaikandamiza juu ya kichwa, wenzo unajifyatua na kuibana palepale. Ni ya haraka sana, na kwa kuwa imekuwa sokoni miaka mingi, nakala zake hazikosekani. La tatu ni pleti ndefu za video, kama 501PL ya kampuni hiyohiyo, ambazo huteleza mbele na nyuma ili mpiga video aisawazishe kamera juu ya kichwa.

Kundi la nne limepewa jina la Arca-Swiss, kampuni iliyozaliwa Uswisi. Pleti yake ni bamba la alumini lenye upana wa takriban milimita 38. Kingo zake mbili zimekatwa mshazari wa nyuzi 45, hivyo bamba ni pana chini na jembamba juu. Kibanio kina taya mbili zenye mshazari huohuo. Taya zikikaribiana huivuta pleti chini na kuibana kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Pleti yenyewe haina kitufe wala springi ya kukatika, na unaweza kuitelezesha mbele au nyuma kadiri urefu wake unavyoruhusu. Kampuni nyingi za Marekani, Uchina na kwingineko zimeliiga umbo hili, na leo ndilo lugha ya pamoja ya wapiga picha za mnato.

Kwa mtu wa Kigoma, wingi huo una thamani kuliko sifa nyingine zote. Pleti ya umbo hili ukiipoteza, utaazima kwa mwenzako, au utaagiza yoyote inayopatikana bila kuwa na haja ya kutaja modeli ya tripodi yako. Anayepiga video peke yake anaweza kubaki na pleti ndefu za kundi la tatu, kwa sharti kwamba vichwa vyake vyote viwe vya aina hiyo moja.

Umbo hili, hata hivyo, halikuwahi kupitishwa rasmi kuwa kiwango. Kila mtengenezaji hukata kwa vipimo vyake, na tofauti ya sehemu chache za kumi za milimita hutokea. Hapo ndipo aina ya kibanio inapokuwa na maana. Kibanio cha kitasa cha kuzungusha hufuata upana wowote: pleti ikiwa nyembamba kidogo, unaongeza mzunguko. Kibanio cha wenzo hufunga kwa mkupuo mmoja, lakini kwa kawaida taya zake husimama palepale kila siku, kwa hiyo pleti nyembamba italegea na pleti pana itagoma kufunga. Anayenunua vitu kidogo kidogo kwa wauzaji tofauti achague kitasa. Wenzo umwendee yule anayenunua kibanio na pleti zote kwa kampuni moja.

Kwa nini kamera inainamisha pua

Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni haya: kamera imefungwa vizuri, picha ya mlalo inatoka safi, lakini ikigeuzwa kwa picha ya wima lenzi inashuka polepole yenyewe. Mwenye kamera hulaumu kichwa cha tripodi. Mara nyingi kosa liko kwenye pleti.

Kamera ikiwa mlalo, uzito wa lenzi huikandamiza kamera juu ya pleti. Skrubu imesimama wima, na uzito hauna njia ya kuizungusha kamera. Ukikilaza kichwa ubavuni ili upige wima, skrubu nayo inalala. Sasa lenzi inaning'inia mbele ya skrubu na kuizungusha kamera kuizunguka skrubu hiyo. Chukua kamera na lenzi zenye kilo 2 kwa jumla, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 10 mbele ya skrubu: nguvu ya kuzungusha ni karibu niutoni-mita 2. Ni kama mkono ulionyooshwa ukishika ndoo; ndoo ileile ingekuwa nyepesi kama ungeikumbatia kifuani. Kinachopinga mzunguko huo ni msuguano tu kati ya kitako cha kamera na uso wa pleti. Kama uso huo una raba nene, raba hujikunja na lenzi huinama.

Tiba ziko tatu. Ya kwanza ni pleti iliyochongwa kwa ajili ya kamera yako mahususi, yenye ukingo mdogo ulioinuka nyuma. Ukingo huo huegemea mwili wa kamera na kuikatalia kuzunguka. Kamera za video nyingi zina tundu dogo la pili mbele ya lile la skrubu, na pini ya pleti ya video huingia humo kwa kazi hiyohiyo.

Ya pili ni breketi ya L. Ni pleti iliyokunjwa ikapanda ubavuni mwa kamera, yenye kingo za Arca-Swiss chini na pembeni. Unapotaka wima hukilazi kichwa; unaifungua kamera, unaigeuza, unaifunga tena kwa upande wa pili. Uzito unabaki katikati ya miguu, na ubavu wa breketi huikatalia kamera kuizunguka skrubu. Kabla ya kuilipia, angalia kama unaweza kufungua mlango wa betri, wa kadi na wa nyaya ikiwa imefungwa. Breketi ya modeli nyingine ya kamera huwa inaziba mmojawapo.

Ya tatu ni ya lenzi ndefu. Lenzi ya milimita 400 ni nzito kuliko kamera yenyewe, kwa hiyo haifai kufungwa kwa kitako cha kamera. Huwa na pete yenye guu, na guu ndilo linalofungwa kwenye tripodi. Baadhi ya lenzi huja na guu lililokwisha kukatwa kingo za Arca-Swiss. Nyingine huhitaji pleti ndefu chini ya guu. Pleti hiyo ifungwe kwa skrubu mbili, maana skrubu moja itarudisha tatizo lilelile la kuzunguka.

Kazi tatu za ukanda wa ziwa

Harusi ya Ujiji inataka kasi. Bibi harusi anapoingia, mpiga video hana nafasi ya kuzungusha skrubu ya chini ya kamera. Kitu cha kumsaidia ni pleti inayokaa kwenye kamera kuanzia asubuhi hadi usiku, na kibanio kinachofunguka kwa mkono mmoja. Hapa wenzo una faida yake, ilimradi uwe na kizuizi cha usalama ili kanzu au mtandio usije ukaufungua kwa bahati mbaya.

Picha za usiku za ziwa zinataka ukaidi. Wavuvi wa dagaa hutegemea taa, kwa hiyo kazi hunoga nyakati za giza na kupungua mbalamwezi inapojaa. Ukitaka kuzipata taa zao zikiwa zimetapakaa majini, kamera itakaa wazi kwa sekunde 20 au 30. Taa zitachora mistari kwa kuwa mitumbwi inasogea, lakini ufuko na vilima lazima vitulie. Pleti ya plastiki yenye raba itasogea kiasi usichokiona kwa jicho na utakachokiona kwenye picha. Kazi hii inadai chuma juu ya chuma.

Gombe inataka wepesi. Hifadhi hiyo, yapata kilomita 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma, inapanda kutoka ufukweni, mita 773 juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye matuta ya juu ya Bonde la Ufa, na njia zake ni za mteremko mkali. Jane Goodall alifika hapo Julai 1960 kuwachunguza sokwe, na mwaka 1962 National Geographic ikamtuma Hugo van Lawick, mpiga picha wa Kiholanzi, kwenda kuwapiga picha na kuwarekodi kwa filamu ya milimita 16. Filamu hizo ndizo zilizotoa kipindi cha televisheni cha mwaka 1965 na, baada ya zaidi ya saa 100 za mikanda kupatikana tena, sinema ya Jane ya mwaka 2017. Aliyetazama mikanda hiyo ameona faida ya kamera iliyotulia msituni. Anayepanda leo anaweza kuacha nyumbani nusu ya vyuma na kubeba kichwa kimoja, pleti moja chini ya guu la lenzi, breketi ya L kwenye kamera, vyote vya umbo moja.

Ndani ya mtumbwi wa injini unaotoka Kibirizi kwenda huko, tripodi haikusaidii. Mtetemo wa injini hupanda kupitia miguu hadi kwenye kamera. Piga kwa mkono, lakini acha pleti ibaki kwenye kamera ili ukishuka uanze kazi mara moja.

Mchanga, mafuta na bolti ya fundi

Maji ya Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, hivyo kutu haiji kwa kasi ya Zanzibar. Adui wa huku ni mchanga. Punje moja iliyokaa kati ya taya na pleti huinua upande mmoja. Kitasa kinajisikia kimekaza, na pleti imeshikwa kwa nusu ya kingo zake. Beba mswaki mkavu na upitishe kwenye taya kila unapohama ufuko. Usipake mafuta, hata yale ya cherehani. Mafuta hukusanya mchanga na kuifanya pleti iteleze.

Skrubu ya pleti ikipotea, wengi humwendea fundi na kupewa bolti ya milimita 6, ambayo kwa macho ni ileile. Sivyo. Skrubu ya kamera ina unene wa milimita 6.35 na hatua ya milimita 1.27 kati ya meno. Bolti ya milimita 6 ina hatua ya milimita 1. Itaingia mzunguko mmoja au miwili, itakwama, na ukilazimisha kwa spana utaharibu meno ya tundu la kamera. Fundi mzuri wa kukereza anaweza kukuchongea pleti ya alumini itakayokaa kwenye kibanio cha kitasa, lakini mpe skrubu ya robo inchi ya kweli kama sampuli, na sehemu inayoingia kwenye kamera isizidi takriban milimita 5. Ikizidi, itagota mwisho wa tundu kabla ya kamera kubana.

Wanaopiga kwa simu nao wanahusika. Kishikio cha simu kina tundu lilelile la robo inchi chini yake. Kifunge kwenye pleti ya Arca-Swiss, na simu itapanda kwenye tripodi ya kamera bila kununua stendi nyingine.

Dukani, nenda na kamera yako. Funga pleti, funga kibanio, shika lenzi na uizungushe kwa nguvu ya wastani kushoto na kulia. Kikisogea chochote, kirudishe. Kisha legeza kibanio kidogo na uinamishe kichwa: pleti nzuri ina vijiskrubu viwili vya kuizuia isichomoke, mradi kibanio kina mfereji wa kuvipokea. Kamba hukatikia pabovu, na hapa ndipo pabovu penyewe.

Fedha ikiwa kidogo, fuata mpangilio huu: kibanio kizuri cha kitasa, kinachoweza kufungwa hata juu ya kichwa cha zamani chenye skrubu inayolingana nacho, pleti yenye ukingo kwa kila kamera, pleti mbili za akiba kwenye mfuko wa tripodi pamoja na spana ndogo ya pembe sita, na breketi ya L kwa anayepiga wima mara kwa mara. Miguu ya kaboni isubiri. Miguu ya alumini yenye pleti isiyosogea itakupa picha kali kuliko miguu ya kaboni yenye kibao cha plastiki.