Wayaringi ya Injini Huanzia Kwenye Karatasi

Injini ya 2JZ-GTE ikishushwa kutoka kwenye kontena, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, mara nyingi huja na tabo zake, alternata yake na hata vipande vya mipira ya redieta, lakini nyaya zake zimekatwa kwa mkato mmoja pale zilipokuwa zinapenya kwenda kwenye kompyuta. Na hata zingekuja nzima, si za kutegemea. Toyota Supra iliyobeba injini hii ilitengenezwa kuanzia 1993 hadi 2002. Ganda la waya lililopikwa juu ya injini kwa zaidi ya miaka 20 hukauka, likikunjwa linapasuka, na vishikizo vya soketi za injekta vinamegeka mkononi.

Mwenye gari ana njia mbili: aunge vipande au asuke wayaringi mpya. Kwa gari la kwendea kazini, lenye kompyuta yake ya kiwandani, ningemshauri atafute wayaringi nzima ya mtumba aishughulikie. Kwa injini inayoongezewa nguvu na kufungwa kompyuta ya kujitegemea, ambayo soketi yake haifanani hata kidogo na ile ya Toyota, kuunga ni kujitafutia balaa, maana kila kiungo ni mahali papya pa kuharibikia. Kusuka upya kunawezekana hata nyumbani, kwa mtu mwenye subira na mita ya kupimia. Wengi hawaangushwi na mikono. Wanaangushwa na kuanzia dukani kwenye rola za waya kabla ya kukaa mezani na karatasi, na wanapoichora hiyo karatasi wanachora umeme unavyokwenda, wanasahau unavyorudi.

Karatasi yenyewe ni jedwali la kawaida. Kila pini ya kompyuta ina mstari wake: inakwenda kwenye kifaa gani, pini ya ngapi, waya wa unene gani, rangi gani, unapita tawi lipi. 2JZ-GTE ya awali, isiyo na VVT-i, ina injekta 6, koili 6, sensa moja ya krenkishafti na mbili za kamshafti, sensa za joto, ya throto, za kusikiliza kugonga kwa silinda na ya oksijeni. Mwenye gari naye ana zake: mgandamizo wa tabo, wa oili, wa mafuta. Kabla hujafika kwenye feni na pampu, ncha za waya upande wa injini zimeshapita 50. Hakuna kichwa kinachoweza kuzibeba zote, na anayedai anazijua kwa moyo usimpe gari.

Sasa tuje kwenye kurudi. Umeme uliotoka betri lazima urudi betri, na chuma cha injini pamoja na bodi ndicho njia ya kurudia ya karibu gari zima. Mafundi wengi wanakichukulia chuma hicho kuwa sifuri kamili popote utakapofunga boliti. Sivyo. Chuma kina ukinzani mdogo, na boliti iliyokazwa juu ya rangi au kutu ina mkubwa zaidi. Chukua sehemu ya athi, yaani ya njia hiyo ya kurudia, yenye ukinzani wa omu 0.05, namba ambayo mita ya bei rahisi haiwezi hata kuionyesha vizuri. Koili moja inapojazwa umeme kabla ya plagi kuwaka huvuta karibu ampea 7 hadi 10 kwenye kilele chake. Ampea 10 zikipita kwenye omu 0.05, chuma cha injini kinapanda nusu volti juu ya sifuri ya kompyuta, kisha kinashuka, kisha kinapanda tena, mamia ya mara kwa sekunde.

Kwa taa nusu volti si kitu. Kwa sensa ya throto ni msiba. Sensa hiyo kwa kawaida hutoa takriban volti 0.5 throto ikiwa imefungwa na volti 4.5 ikiwa imefunguka yote. Ukiwa umeichukulia athi yake kwenye injini, kompyuta itaiona throto iliyofungwa kana kwamba imefunguliwa karibu sehemu ya nane, tena kwa kurukaruka, kwa mfuatano wa koili zinavyowaka. Ni hali ya wapangaji wanaochangia bomba moja: wa chini akifungua lake, maji ya wa juu yanakatika, na wa juu hajui aliyemkatia. Mwenye gari ataambiwa ramani ya mafuta ni mbovu, atalipia kurekebishwa mara mbili, na tatizo litabaki pale pale.

Kwa hiyo kompyuta za kujitegemea huwa na pini maalumu za kurudishia umeme wa sensa. Nyaya za kurudi za sensa zote hukusanywa na kwenda kwenye pini hizo tu, wala hazigusi injini wala bodi mahali popote. Nyaya nene za kurudi za kompyuta, zile zinazobeba mzigo wa injekta, huenda sehemu moja safi kwenye injini. Koili zenye kiwashio ndani yake, ambazo wengi hufunga badala ya zile za zamani, hupewa athi fupi na nene kwenye silinda hedi, kwa sababu cheche inaporuka kwenye plagi inaingia kwenye hedi hiyo hiyo na inataka kurudi nyumbani kwa njia fupi. Ukiilazimisha izunguke mpaka kwenye bodi, itapita kwenye nyaya za jirani. Kisha injini yenyewe iunganishwe na betri kwa kebo isiyopungua ile ya stata. Nimeona magari yenye soketi za bei ya ndege yakiwa na kebo ya athi ya kiwandani, iliyochakaa, iliyofungwa kwa boliti moja yenye oili.

Sensa ya krenkishafti inastahili mstari wake peke yake. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, krenki inapita nyuzi 36 kwa kila milisekunde moja, kwa hiyo ishara ikichafuka kidogo tu cheche inakwenda mahali pasipotakiwa. Kwenye 2JZ sensa hii ni ya sumaku, yenye waya mbili. Haipewi umeme, jino la gurudumu likipita mbele yake, inazalisha volti yenyewe. Injini ikizungushwa na stata volti hiyo ni ndogo, pengine chini ya moja, na mwendo ukipanda hufika makumi. Ni pale penye udogo ndipo uchafu wa koili na stata unapoifunika. Nyaya hizo mbili husokotwa pamoja na kuvishwa wavu wa kinga, na wavu huo huunganishwa upande mmoja tu, wa kompyuta. Ukiufunga pande zote mbili, umeme wa athi utapata njia ya kupitia humo na kinga yenyewe itageuka kuwa chanzo cha kelele. Angalia pia nyaya mbili zisibadilishane. Zikibadilishana injini inaweza kuwaka vizuri kabisa, halafu muda wa cheche ukasogea kadiri mwendo unavyopanda. Ukiona muda unatembea chini ya taa ya kupimia, usiguse kompyuta kabla hujaangalia waya hizo.

Jedwali likikamilika ndipo uende dukani. Waya wa kawaida wa magari wenye ganda la PVC mwisho wake ni nyuzijoto 80 hadi 105. Karibu na tabo hautadumu. Waya wa kiwango cha ndege, AS22759/32, una nyuzi za shaba zilizopakwa bati, ganda jembamba la ETFE, na huvumilia nyuzijoto 150. Ni mwepesi, na ganda lake halipasuki ovyo. Taabu yake ni kwamba ganda hilo ni gumu kulivua. Kisu cha kawaida kitakata nyuzi mbili tatu za shaba bila wewe kujua, na hapo ndipo waya utakapokatikia. Nunua kifaa cha kuvulia kinacholingana nao, au tumia waya wa magari wa ganda la polietilini iliyofungamanishwa, unaovumilia nyuzijoto 125. Kwa gari la barabarani huo unatosha, na sioni aibu kuupendekeza.

Unene huchaguliwa kwa hesabu. Pampu ya mafuta yenye nguvu inavuta tuseme ampea 15, na kutoka mbele mpaka kwenye tangi ni mita 4. Kwa waya wa milimita za mraba 0.75 unapoteza njiani karibu volti 1.4. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza 0.4 tu. Volti hiyo moja ndiyo tofauti ya mafuta kutosha na kupungua wakati tabo inasukuma kwa nguvu zote, yaani wakati ambao silinda haisamehi. Fyuzi nayo ipimwe kwa waya inaoulinda. Mtu anayepandisha fyuzi kwa sababu ya zamani inakatika ameamua waya ndio uwe fyuzi.

Kuhusu kuunganisha ncha, sina huruma: hela iende kwenye koleo la kubania. Kuchomelea kwa risasi kunaonekana imara, lakini risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuifanya sehemu ya waya kuwa fimbo. Injini inatikisika, waya unapinda pale pale fimbo inapoishia, na siku moja unakatika ndani ya ganda, nje ukionekana mzima. Temino iliyobanwa kwa koleo lake sahihi inazikandamiza nyuzi mpaka hewa haina pa kuingilia, na mahali hewa haiingii kutu haianzi. Neno la kushika ni koleo lake. Temino za Deutsch DT za kuchonga hubanwa kwa koleo la meno manne, mfano Daniels AF8. Temino za bati la kukunja zinahitaji aina nyingine kabisa. Plaisi haibani temino, inaiponda. Bana vipande vichache vya majaribio, vivute kwa nguvu, na usimamishe kazi ikiwa temino inachomoka kabla ya waya kukatika.

Kupanga matawi kufanyike juu ya injini iliyofungwa garini, kwa kamba ya katani au ya nailoni, kabla ya kukata waya wowote. Injini inacheza kwenye mipira yake ikivutwa. Tawi linalovuka kwenda kwenye bodi liachiwe ulegevu. Wanaotengeneza magari ya mashindano husuka kwa matabaka: waya mmoja katikati, 6 kuuzunguka, kisha 12, kila tabaka likizunguka kinyume cha lililo ndani yake. Fungu la namna hiyo hupinda bila kuvuta waya wowote, na likivishwa mpira wa Raychem DR-25, unaosinyaa kwa joto na kustahimili mafuta, linapendeza kweli. Lakini huwezi kuongeza waya ndani yake baadaye. Kwa gari la barabarani, ambalo mwenyewe kila mwaka anaongeza kitu, nyaya zilizolazwa sambamba na kufungwa kwa tepu ya kitambaa ni uamuzi wa busara zaidi, ingawa hazitapigwa picha.

Penye maji na vumbi hesabu inabadilika. Mashindano ya Safari Rally yaliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha, yanaonyesha vizuri: vumbi laini linaingia kila penye nafasi ya unywele, na gari lenye moto linapozama kwenye maji, hewa ndani ya soketi inapoa, inasinyaa na kuyavuta maji ndani. Kila tundu la soketi lisilo na waya lizibwe kwa kizibo chake. Na waya wenye ganda lililopasuka sehemu ya chini unaweza kuyabeba maji kati ya nyuzi zake mpaka kwenye kompyuta, kwa hiyo acha kila tawi lishuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi yake.

Usiunganishe kompyuta siku unayomaliza. Pima kwanza kutoka kwenye soketi yake ikiwa tupu. Injekta za ukinzani mkubwa zitasoma omu 12 hadi 16 kila moja. Sensa ya joto la maji ya Toyota itasoma kati ya omu 2000 na 3000 kwa nyuzijoto 20. Dar mchana itakuwa chini ya hapo. Pini za kurudi za sensa zisisome chochote kwenda kwenye chuma cha injini; zikisoma, umefunga athi mahali ambapo hukukusudia. Kisha zungusha injini kwa stata, fyuzi ya pampu ikiwa imetolewa, huku mita ikipima volti kati ya silinda hedi na ncha hasi ya betri. Ikipita nusu volti, rudi kwenye kebo za athi kabla ya kitu kingine chochote.

Injini ikishawaka na kwenda safari ya kwanza ndefu, fungua boneti ingali ya moto, pitisha jicho kila tawi ukitafuta ganda linalong'aa kwa msuguano au mpira ulioanza kulainika. Anzia nyuma, kwenye koili ya silinda ya sita, karibu na ukuta wa chumba cha abiria, maana huko upepo wa redieta haufiki vizuri.