Kinyonga wa Mtoto na Jua la Asubuhi



Kila mvua zinapoanza kunyesha sawasawa, watoto wetu wa Isangi hutoka vichakani na vinyonga mikononi. Sisi tunaofundisha tunawaona wakifika nao masomoni. Mmoja amemfungia ndani ya kopo la maziwa, mwingine amemfunga kamba mguuni, mwingine anamtembeza juu ya kijiti ili wenzake wapige makelele. Siku ya pili au ya tatu tukiuliza habari za mnyama, jibu huwa lile lile: "Mwalimu, alikufa. Tulimweka kwenye jua."

Ni kweli kwamba kinyonga anahitaji jua. Lakini mtoto hakuambiwa ni jua la saa ngapi, la muda gani, na kwamba kivuli lazima kiwe karibu. Tunaandika habari hii katika gazeti la akina mama kwa sababu kinyonga huyo hakai masomoni. Analala nyumbani kwako, kwenye uwanja wako, na wewe mama ndiye mwenye neno la mwisho juu yake.

Kwanza tusimwogope

Katika makabila mengi ya Kibantu inasimuliwa kwamba kinyonga alitumwa na Mungu kuwaletea watu habari ya uzima, akachelewa njiani, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Kwa hiyo wako wanaomwona kuwa mkosi, na wako wanaompiga mawe wakimkuta barabarani. Wengine wanaamini kwamba mate yake ni sumu.

Kinyonga hana sumu. Akikasirika anajivimbisha, anafungua kinywa na kutoa sauti ya kupuliza. Akishikwa kwa nguvu anaweza kuuma, lakini meno yake hubana tu. Hatari ya kweli ni ndogo na inaondolewa kwa sabuni: wanyama wa jamii ya mijusi na kobe wanaweza kubeba vijidudu vya kuharisha katika mavi na ngozi yao. Kila aliyemshika anawe mikono kwa maji na sabuni. Mtoto wa chini ya miaka mitano asimshike, na kinyonga asiwekwe jikoni wala karibu na vyombo vya chakula.

Jua linamfanyia nini

Mwili wa kinyonga hautengenezi joto lake wenyewe kama wetu. Usiku anapoa pamoja na hewa, na asubuhi anatafuta tawi lenye jua ili apate nguvu ya kutembea, kuwinda na kusaga chakula tumboni. Mtazame mapema: upande ulioelekea jua unakuwa mweusi zaidi, kwa sababu rangi nyeusi inapokea joto haraka. Akishiba joto, ngozi inarudi kuwa nyeupe-nyeupe au ya kijani kibichi, naye anajisogeza kwenye majani.

Kuna kazi nyingine ambayo haionekani kwa macho. Ndani ya mwanga wa jua mna miale inayoitwa urujuanimno. Miale hiyo ikigusa ngozi, mwili unatengeneza vitamini D, na vitamini D inausaidia mwili kuchukua kalsiamu kutoka kwenye chakula na kuipeleka kwenye mifupa. Kinyonga anayefungiwa ndani ya nyumba wiki baada ya wiki mifupa yake inalegea: miguu inapinda, taya linakuwa laini, anashindwa kushika tawi. Kumweka nyuma ya dirisha la kioo hakusaidii, kwa maana kioo kinapitisha mwanga na joto lakini kinazuia miale ile inayotengeneza vitamini D. Anapata moto bila kupata faida.

Namna ya kumtoa nje

Isangi yetu iko karibu sana na Ikweta, hata digrii moja haitimii. Saa za mchana jua linasimama juu ya kichwa karibu mwaka mzima. Kwa hiyo saa nzuri ni asubuhi, umande ukishakauka, tangu saa mbili hadi saa tatu na nusu. Kama asubuhi hamna mtu wa kumwangalia, ngojeni jioni jua likishapungua ukali. Saa sita hadi saa tisa asitolewe kabisa.

Mahali pazuri ni mti mfupi ulio hai: mpera, mkahawa au kichaka cha maua. Nusu ya matawi iwe kwenye jua na nusu kwenye kivuli, ili mnyama mwenyewe achague. Hilo ndilo neno kubwa kuliko yote katika habari hii. Kinyonga anajua kupima joto lake kuliko sisi, lakini akifungwa kamba hawezi kuhama. Kamba pia inakata ngozi, na anapojitupa inaweza kuvunja mguu.

Kama mtoto anaogopa atakimbia, mwekeni ndani ya kikapu kikubwa cha kekele kilichosukwa kwa nafasi, hewa ipite pande zote. Ndani yake tieni matawi ya kupandia, na funikeni nusu ya kikapu kwa majani ya mgomba. Msitumie chupa, kopo, bidoni wala karatasi ya plastiki. Vitu hivyo vikipata jua vinakuwa kama chungu kilichofunikwa, na mnyama mdogo hufa upesi. Juu ya bati na juu ya sementi asiwekwe pia, kwa sababu moto unampata kutoka juu na kutoka chini.

Mara ya kwanza dakika kumi na tano zinatosha. Baadaye anaweza kukaa nusu saa au zaidi, kama kivuli kipo. Muda wote huo mtu awe karibu naye. Kuku atamdonoa, paka atamrukia, na mwewe anamwona kutoka mbali. Siafu nao ni wa kuogopwa zaidi, maana mnyama aliyefungiwa kikapuni hana njia ya kuwakimbia. Kabla ya kuweka kikapu, tazameni udongo na shina la mti. Mti uliopigwa dawa ya wadudu msiutumie, na panzi au nzi waliokufa kwa dawa msimpe ale.

Kabla ya jua na baada ya jua mpeni maji. Vinyonga wengi hawanywi kutoka kwenye sahani. Wanalamba matone juu ya majani kama walivyozoea wakati wa mvua. Chovyeni mkono katika maji safi, nyunyizieni majani yaliyo mbele yake, kisha ngojeni. Atakunywa polepole.

Dalili za kutazama

Mfundishe mtoto kusoma mwili wa mnyama. Akiwa mweusi upande mmoja na ametulia, anaota jua. Akiwa mweupe-mweupe na anasogea majanini, ametosheka. Akiwa mweupe na kinywa wazi, amezidiwa na joto: mtoeni mara moja, mpelekeni kivulini, mnyunyizieni majani maji, lakini msimtumbukize ndani ya maji baridi. Macho yakibaki yamefumba mchana au yakiingia ndani, ni mgonjwa au ana kiu. Na jike lenye tumbo kubwa likiacha matawi na kuzungukazunguka chini, huenda linatafuta udongo wa kuchimba ili litage. Hilo lirudishwe porini siku hiyo hiyo, kwa sababu likikosa mahali pa kutagia linaweza kufa na mayai tumboni.

Vinyonga wa Kenya waliofika Hawaii

Kuna habari moja ya kuwasimulia watoto. Mwaka 1972 vinyonga makumi kadhaa wa aina ya Jackson, ambao madume yao wana pembe tatu, walisafirishwa kutoka Kenya mpaka kisiwa cha Oahu, huko Hawaii, ili wauzwe dukani. Walifika wamekonda na wamekaukiwa maji. Mwenye duka akawaachia kwenye uwanja wa nyumba yake wapate nafuu. Walipata nafuu, kisha wakatawanyika. Majike ya aina hiyo hayatagi, yanazaa watoto hai, na hewa ya huko iliwafaa. Leo wameenea visiwani humo, na wanakula wadudu na konokono wa kienyeji ambao hawapatikani mahali pengine duniani.

Uwanja ulikuwa na jua, majani na maji, vyote alivyohitaji kinyonga. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaangalia. Kwetu Isangi kinyonga aliyetoroka anarudi tu kwao, na hilo si baya. Lakini aliyeletwa kwa mtumbwi kutoka mbali asiachiwe hapa ovyo. Na akitokea mgeni anayetaka kuwanunua kwa watoto, ajulishwe kwamba kinyonga havuki mpaka bila kibali cha serikali. Nchi yetu iliingia tangu mwaka 1976 katika mapatano ya kimataifa yanayosimamia biashara ya wanyama wa porini, na vinyonga wamo katika orodha zake.

Mifupa ya watoto wetu

Wakati tunazungumza juu ya miguu ya kinyonga, tuzungumze na juu ya miguu ya watoto wetu. Mwaka 1919, huko Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwaweka watoto wenye mifupa laini mbele ya taa yenye miale kama ile ya jua, na mifupa yao ikakaza. Tangu hapo wataalamu wakazidi kuelewa kwamba mtoto anayefichwa ndani siku zote anaweza kupinda miguu, hata kama anakula. Maziwa ya mama ni chakula bora, lakini vitamini D iliyomo ni kidogo, na ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe.

Basi mtoto mchanga naye aone asubuhi. Kanuni ni ile ile ya kikapu: jua lisilo kali, kivuli karibu, macho ya mama juu yake, na maziwa ya mama yasikose. Ila jua peke yake halijengi mfupa. Katika Afrika watoto wengi wenye miguu iliyopinda wanakosa kalsiamu katika chakula. Sisi watu wa mto tunayo dawa sokoni: ndakala na samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, tena sombe kando yake. Kwa mtoto mdogo sana wasagwe wawe unga kabla ya kutiwa katika chakula. Ukiona miguu ya mtoto inazidi kupinda, au vifundo vya mikono vimevimba, mpeleke kituo cha afya bila kungoja.

Siku ya kumrudisha

Kinyonga wa porini si kuku wa kufugwa. Wengi wanaofungiwa hawali vizuri na hawaishi muda mrefu. Tunawashauri mpatane na mtoto tangu siku ya kwanza: atamtazama siku mbili au tatu, ataandika au atachora alichoona, kisha atamrudisha asubuhi kwenye kichaka kile kile alikomtoa, juu ya tawi, mbali na barabara na njia ya siafu. Aliyemchora kinyonga akinywa tone la maji juu ya jani hatampiga jiwe tena.

Katika mkutano wenu wa likelemba unaokuja, tengeni dakika chache kwa jambo hili. Kila mama awaambie watoto wa nyumba yake maneno manne ambayo hata mdogo atayashika: bila kamba, bila kopo, kivuli karibu, mikono kwa sabuni. Na watoto watakaokuja na michoro yao masomoni, sisi walimu tutaitundika ukutani.