Bamvua kama Ratiba: Nishati na Uzalishaji wa Chumvi kutoka Quionga hadi Mtwara

Kupanga uzalishaji kwa kubana nishati ni kuweka kila hatua ya kazi katika wakati ambao nishati hupatikana kwa gharama ndogo. Katika mwambao wa mlango wa Ruvuma, dhana hii si ngeni. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, maji ya bahari yaweza kuingizwa katika majaruba ya chumvi bila pampu. Siku za maji mafu huachiwa jua na upepo. Lita moja ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji yake sharti yavukizwe, na yanapochemshwa kwa kuni, mikoko ndiyo hulipa gharama. Kwa hiyo, miongozo ya sera haina budi kuanzia kwenye istilahi hizi, ambazo mzalishaji tayari anazielewa.