Jangwani, Uliza Maji Kabla ya Kitanda

Msafiri anayepanga kuvuka Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, huanza na maswali yale yale ya mjini: chumba ni shilingi ngapi, kuna chandarua, mtandao unashika? Ni maswali ya haki, ila katika nchi ile hayatoshi, na wala si ya kwanza. Swali la kwanza ni hili: maji ya mahali hapo yanatoka wapi, na ni nani mwingine anayeyategemea? Nyumba ya wageni inayojibu swali hilo vizuri ndiyo iliyo bora, hata kama kitanda chake ni cha kamba. Inayoshindwa kulijibu haifai, hata ikiwa na bwawa la kuogelea.

Jiografia yenyewe inaliunga mkono jambo hili. Siku hizi barabara ya lami inatoka Isiolo hadi Moyale, na katikati yake uko mji wa Marsabit, juu ya mlima wenye msitu, ambako gesti za kila bei zinapatikana. Ukiiacha lami kuelekea Maikona, Kalacha, North Horr na Loiyangalani, vituo vya kulala vinakuwa vichache na vya mbali. Havikuwekwa hapo kwa ajili ya watalii. Vimeota kando ya visima na chemchemi, kama zile za Kalacha na Loiyangalani zinazozungukwa na mikoma. Kati ya kituo na kituo kuna mawe meusi ya volkano, mchanga, na uwanda wa chumvi uliokuwa sakafu ya ziwa la kale, ambao mvua ikinyesha hugeuka tope la kuzamisha gari. Hata Ziwa Turkana, lililotandaa maili nyingi mbele ya macho, lina magadi. Chumba chenye madirisha yanayotazama ziwa hilo bado kinahitaji maji ya kunywa kutoka kwingine.

Sasa tupige hesabu. Bomba la mvua la kawaida hutoa lita 8 hadi 10 kwa dakika, kwa hiyo mgeni anayeoga kwa dakika kumi anaweza kumaliza karibu lita 100. Hicho ndicho kiasi ambacho ngamia mwenye kiu anaweza kunywa mara moja, kisha akakaa siku nyingi malishoni bila kurudi kisimani. Kati ya mwaka 2020 na 2023 eneo hili lilikosa misimu mitano ya mvua mfululizo, na familia za Wagabra na Warendile zilipoteza mifugo iliyokuwa chakula chao, akiba yao na mahari ya vijana wao. Katika nchi ya namna hiyo, ndoo moja ya maji ya kuoga ni jambo la adabu. Mgeni anayejimwagia ovyo anachota katika birika la mifugo ya mwenyeji wake.

Wenyeji wanajua pia namna ya kujenga. Nyumba ya Wagabra ni fito zilizopindwa kuwa kuba, zikafunikwa kwa mikeka. Wanawake ndio wanaoijenga, na ndio wanaoibomoa siku ya kuhama na kuipakia juu ya ngamia. Hewa hupenya kwenye mikeka, na umbo la kuba huupitisha upepo ubavuni. Upepo huo si wa mchezo: karibu na Loiyangalani umejengwa mradi wa umeme wa upepo wenye mitambo 365, na kwa kawaida upepo huo huvuma kwa nguvu zaidi usiku na alfajiri. Hema la dukani lililochomekwa vigingi vifupi mchangani linaweza kung'olewa usiku wa manane. Chumba cha zege chenye paa la bati nacho hulimbikiza joto la mchana kutwa na kulirudisha wakati wa kulala. Banda la makuti au la mikeka, lililojengwa na mtu wa pale, huwa na nafuu kuliko vyote viwili.

Wapo watakaosema kwamba ushauri huu unawafaa vijana wenye migongo migumu tu. Kwa mzee au mgonjwa, ni kweli faraja si anasa: alale Marsabit, karibu na hospitali, au achague kambi yenye huduma kamili, lakini aulize chanzo cha maji yake. Wengine watasema hoteli kubwa huleta ajira. Huleta, na mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mwenyeji hatapona ikiwa kisima kimechimbwa kwa ajili ya wageni huku wafugaji wakisubiri boza. Hoja nzito zaidi ni ya usalama, kwa kuwa Marsabit imewahi kukumbwa na mapigano ya jamii na wizi wa mifugo. Hapa ndipo mwenyeji anapokuwa na thamani kuliko ua wa seng'enge: yeye ndiye anayejua ni njia gani haipitiki wiki hii, na watu wake wana sababu ya kumlinda mgeni aliye mikononi mwao. Hata hivyo, ripoti kituo cha polisi kabla ya kuondoka, na usisafiri usiku.

Basi, kabla ya kulipa, piga simu uulize mambo matatu: maji yanatoka wapi, nyumba ni ya nani, na njia ikoje baada ya mvua. Beba maji yako ya kunywa ya kutosha siku mbili zaidi ya safari, mafuta ya akiba, na magurudumu mawili ya ziada. Oga kwa ndoo. Lipa bei iliyotajwa bila kumkandamiza mwenye banda, kwa sababu vingi kati ya unavyokula pale vimesafirishwa kwa lori kutoka mbali. Na ukiambiwa kisima kimepungua, ahirisha safari.