Plau Yenye Kutu: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kuinunua na Kuitengeneza

Mlaji anayetafuta plau ya ng'ombe iliyokwisha kutumika, awe Kariakoo, Gerezani au penginepo, aghalabu huvutiwa na ile iliyopakwa rangi mpya na kuiacha yenye kutu. Kwa maoni yetu, mara nyingi ingefaa afanye kinyume. Kutu huonekana kwa macho. Rangi mbichi huweza kuficha ufa, kiraka cha kulehemu, au chuma kilicholika kikabaki ganda. Mnunuzi aliyekwisha kuipakia plau kwenye basi la Dodoma au Singida huja kuigundua kasoro hiyo shambani, mvua zimeanza, ng'ombe wako nirani, na muuzaji yuko mamia ya kilomita.

Kutu nyekundu ya juujuu hutoka kwa brashi ya waya na msasa, na chini yake chuma huwa kizima. Ya kuogopwa ni ile inayobanduka kwa magamba na kuacha vishimo vya kina. Omba ruhusa ya kukwangua mahali padogo. Muuzaji anayekataa amekwisha kukujibu. Kisha iweke plau juu ya sakafu tambarare. Ncha ya wembe, yaani kile kipande kinachokata udongo, iguse sakafu, na kisigino cha nyuma kiguse pia, na katikati pabaki uwazi mdogo. Uwazi huo ukikosekana, wembe umelika, nao hautazama ardhini hata mkulima akandamize mikono kwa nguvu zake zote. Wembe hubadilishwa, basi hiyo si sababu ya kuikataa plau, ila gharama yake iingie katika mapatano ya bei. Mhimili uliopinda au wenye ufa ni jambo jingine. Plau ya namna hiyo hatushauri kuinunua.

Uliza pia kama vipuri vinapatikana. Matundu ya boliti hayalingani katika kila aina, na mwenye plau ya zamani, kwa mfano ya kiwanda cha UFI cha Ubungo, afungue wembe uliochakaa aende nao dukani kuulinganisha badala ya kutegemea maelezo ya mdomo.

Katika matengenezo, boliti zilizoganda zimwagiwe mafuta ya taa au dizeli na kuachwa usiku kucha. Petroli isitumike, kwani hushika moto upesi. Boliti za plau zina kichwa kinacholala sawasawa na uso wa bamba. Fundi akiweka boliti za kawaida, vichwa hujitokeza na udongo hunasa hapo. Fundi wa grenda naye aangaliwe: makali ya wembe yakigeuka rangi ya buluu kwa joto, yamepoteza ugumu wake na yatalika haraka. Rangi kuukuu huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo anayeikwangua afunike pua na mdomo, na watoto wakae mbali.

Bamba linalopindua udongo lisipakwe rangi kamwe. Kazi yake ni kung'aa ili udongo uteleze, hasa ule wa mfinyanzi. Lisipoteleza, ng'ombe huvuta mzigo wa matope na mfereji hautoki. Rangi ibaki kwenye mhimili na mikono. Bamba na wembe vipakwe grisi kila plau inapowekwa stoo.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara wa zana hizo kazi anayoikusudia na kuutegemea ujuzi wake: bidhaa ina budi ifae kwa kazi hiyo. Hata hivyo, mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kudai ubora wake kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Dai risiti ya kielektroniki, na maelezo yake yasomeke "plau iliyotumika", si "chuma chakavu", maana aliyeuziwa chuma chakavu atapata taabu kudai kwamba aliahidiwa zana ya kulimia. Ikiwa kasoro ilifichwa kwa makusudi, mrudie kwanza muuzaji ukiwa na risiti na picha za plau. Akikataa kurekebisha, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.