Silueti na Nuru katika Picha za Watu Zisizopangwa: Mfano wa Lushebere

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nuru na silueti zinavyodokeza hali ya moyo katika picha za watu zisizopangwa, yaani zile ambazo mhusika hakujiweka tayari mbele ya kamera. Silueti ni umbo la mtu linaloonekana jeusi mbele ya mwanga, sura yake ikiwa imefichika. Neno hili lina asili ya dhihaka: limetokana na jina la Étienne de Silhouette, waziri wa fedha wa Ufaransa mwaka 1759. Alijulikana kwa ubahili, hata picha rahisi za kukatwa katika karatasi nyeusi zikabandikwa jina lake. Kiswahili kina neno la karibu, kivuli, nalo lina maana pana zaidi. Kivuli ni mahali pa kujikinga na jua. Kivuli pia ni mzuka. Hifadhi na mzuka: silueti yaweza kuwa mojawapo ya hayo mawili.

Tuchukue mfano wa Lushebere, katika vilima vya Masisi, Kivu Kaskazini. Mahali hapa pako karibu na ikweta, hivyo jua huchomoza na kutua kwa kushuka karibu wima, na mwanga wa magharibi hudumu dakika ishirini na chache tu. Zaidi ya hayo, penye milima jua huweza kutoweka nyuma ya kilele mapema, bonde likaingia gizani ilhali anga ingali inang'aa. Huo ndio wakati wa silueti. Asubuhi yenye ukungu huleta matokeo mengine: mwanga hutawanyika, mipaka ya umbo hulainika, na picha hudokeza utulivu au upweke.

Ama kuhusu ufundi wenyewe, kanuni ni nyepesi. Kipimamwanga cha kamera huchukulia kwamba kila kinachoelekezwa kina mwangaza wa wastani. Mpigapicha akipima uso ulio kivulini, uso utaonekana vizuri lakini anga itapauka. Akipima anga, anga itabaki na rangi yake na mtu atakuwa mweusi. Mtu anayepokea mwanga pungufu ya anga kwa hatua nne, yaani sehemu moja ya kumi na sita, hubaki umbo tupu. Tofauti ikiwa hatua mbili, yaani robo, macho na mikunjo ya uso huonekana kwa mbali. Flashi haina budi kuzimwa, kwani huifuta tofauti hiyo inayotafutwa.

Uso unapofichika, mwili ndio unaosema. Kwa hiyo mpigapicha husubiri mpaka viungo vitengane na umbo lisomeke. Mama aliyebeba mtoto mgongoni, akipigwa picha kutoka mbele, huwa bonge moja jeusi. Akipigwa kutoka ubavuni, vichwa viwili huonekana, na uhusiano wao pia. Mwanamke aliyebeba kuni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso huonesha uzito wa mzigo kwa mpindo wa shingo yake. Kijana anayeteremka mlima juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya Kivu isiyo na kanyagio, huonesha wepesi na furaha. Weusi wa umbo, basi, haulazimu huzuni.

Hapa ndipo penye suala zito. Lushebere imewahi kuwa na kambi ya watu waliokimbia makwao, na Januari 2025 mapigano yalifika tena katika mji jirani wa Masisi. Kwa mtu wa namna hiyo, sura yake ikijulikana huenda akadhurika; silueti humpa sitara. Lakini silueti hiyohiyo, ikitumiwa kwa sababu tu mpigapicha anataka majonzi, humwondolea mtu nafsi yake na kumfanya mzuka: mkimbizi yeyote, wa vita vyovyote.

Kila uteuzi wa nuru ni fasiri. Richard Mosse wa Ireland alipiga picha mashariki ya Kongo kwa filamu ya infraredi, majani ya kijani yakageuka rangi ya waridi. Kazi yake The Enclave ilioneshwa Venice mwaka 2013. Hakuna aliyeweza kudhani kwamba rangi ile ilikuwa ya vilima vyenyewe. Silueti, kinyume chake, huonekana ya kawaida, na kwa hiyo fasiri yake hupita bila kuhojiwa.

Kwa kumalizia, picha isiyopangwa haiombi ruhusa kabla. Basi yafaa iombe baada. Mhusika aoneshwe picha na aulizwe: wataka uonekane, au usitiriwe? Jibu lake ndilo litakalotenga kivuli cha hifadhi na kivuli cha mzuka.